Debe, Mtumishi wa Sultani

Mjomba wangu aliitwa Debe na kila mtu, hata na mke wake. Jina hilo alilipata kwa njia mbili. Kwanza alikuwa fundi bati, na pili alikuwa mfupi, mnene, ameshuka moja kwa moja kutoka mabegani mpaka kiunoni bila kona yoyote. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukifunguka barabarani. Ukipita asubuhi ungemkuta kwenye kigoda, miguu ameitanua, bati limelala mapajani juu ya kipande cha gunia, anakata kwa mkasi mkubwa huku ulimi ameubana kwenye kona ya mdomo. Alitengeneza ndoo, mabirika, masanduku ya wanafunzi na mifereji ya paa. Ukimsalimia angeitika, halafu angekuuliza kama umekula.

Mtu huyo ndiye niliyemwona, kwa macho yangu haya, akifanya jambo ambalo nikilikumbuka vinyweleo vinanisimama hadi leo.

Mtaani kwetu kulikuwa na ukumbi wa zamani wenye jukwaa la mbao na paa la bati. Watu wa kazi mbalimbali walikutana humo jioni, baada ya kufunga maduka na ofisi, kufanya mazoezi ya michezo ya kuigiza. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya shule, aliyeitwa Mama Kikao kwa sababu hapakuwa na tatizo duniani ambalo hakuliitishia kikao. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo niliangukia kazi ya mavazi, na nilikaa nyuma ya pazia na sindano zangu usiku wote wa maonyesho.

Mama Kikao alipenda hadithi za kale, za kila pembe ya dunia. Alizichukua, akazikatakata, akazishona upya, lakini mwishowe zilikuwa na sura moja: kuna bwana mwenye ndoto kubwa anayefunga safari, na nyuma yake kuna mtumishi aliyebeba mizigo. Bwana alikuwa siku zote mtu mmoja. Tulimwita Sultani, maana alikuwa amevaa mataji mengi mpaka akasahau namna ya kuomba maji kwa upole. Alikuwa mrefu, shingo imenyooka, na kazi yake ya mchana ilikuwa kutangaza treni stesheni. Kila mtu mjini aliijua sauti ile. Alipotaja jina la mji wa mbali kwenye kipaza sauti, hata mtu asiye na safari alitamani kupanda.

Mtumishi ndiye aliyekuwa shida. Waliojaribiwa ama walitaka kumfunika Sultani, ama walisimama kama miti. Siku moja paa lilivuja, Mama Kikao akamwita mjomba aje aangalie mfereji. Mjomba alikuwa juu ya ngazi, nje ya dirisha, mazoezi yakiendelea ndani. Sultani akanyoosha mkono, akasema kwa sauti yake ile kwamba ataondoka alfajiri, avuke jangwa peke yake, na hakuna kitakachomzuia.

Kutoka dirishani ikasikika sauti: "Na maji utabebea kwenye nini?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mjomba hakuwa amefanya mzaha. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Wewe fundi," Mama Kikao akasema, "shuka hapo, pita mlangoni, uje huku."

Mjomba alidhani anafukuzwa. Aliingia na nyundo mkononi, akaanza kuomba radhi. Jioni ile alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba amepewa kazi ya utumishi isiyo na mshahara, na mkewe akamjibu kwamba hiyo hata nyumbani anayo.

Hivyo ndivyo alivyoanza, na miaka ikapita. Alikuwa mchunga farasi wa mwana wa mfalme, mbeba mwavuli wa kadhi, mpishi wa nahodha, mlinzi wa mganga. Mavazi yalibadilika, lakini ndani yake alikuwa mtu yule yule. Sultani alipotazama nyota, Debe alitazama kama viatu vya bwana vimefungwa. Sultani alipoapa kufa kwa ajili ya haki, Debe alimega mkate, kipande kikubwa akampa bwana, kidogo akatia mfukoni mwake kwa baadaye. Hakuambiwa afanye hivyo. Ukumbi mzima ulimpenda, lakini mikono ilipopigwa mwishoni alisogea nyuma hatua chache, akamwacha Sultani mbele peke yake.

Wakati wa mapumziko ya mazoezi tulikunywa chai kwenye ukingo wa jukwaa. Nakumbuka siku Mama Kikao alipotusimulia hadithi mpya aliyokuwa akiitengeneza, ya bwana aliyekwenda kuitafuta nchi ambayo mama yake alimsimulia akiwa mtoto. Watu wote walimwambia nchi hiyo haipo. Mtumishi wake ndiye pekee aliyemfuata.

"Huyu mtumishi ana mke?" mjomba akauliza.

"Hadithi haisemi."

"Ana watoto?"

"Haisemi, Debe. Hadithi inamhusu bwana wake."

Mjomba akapuliza chai. "Basi msimuliaji amesahau. Mtu haondoki nyumbani kumfuata mwenda wazimu bila mkewe kusema neno."

Sultani akacheka. "Kwa hiyo wewe usingenifuata?"

"Ningekufuata," mjomba akasema. "Ila ningepitia nyumbani kwanza kuaga."

Tulicheka, tukarudi kazini. Sikujua kwamba wakati huo mjomba alikuwa tayari ameanza kumwangalia mwenzake kwa jicho jingine.

Kilichomshtua kilikuwa kitu kidogo. Sultani alijikwaa kwenye stuli iliyokuwa mahali pake pa kila siku, upande wa kushoto, akamlaumu aliyeiweka. Siku iliyofuata akapita ubavuni mwa Mama Kikao bila kumsalimia, na yeye si mtu wa kupita watu. Mjomba aliichukua stuli akaiweka kulia, halafu akakaa chonjo. Baada ya muda alikwenda stesheni mchana, akasimama nje ya kioo cha chumba cha matangazo. Akamwona Sultani amekiinamia kipaza sauti, anatangaza safari zote bila kosa, na karatasi ya ratiba mbele yake imewekwa juu chini.

Haya mjomba alinisimulia mwenyewe, baada ya mambo yote kwisha. Alingoja mpaka Sultani akatoka, wakatembea pamoja.

"Tangu lini?" mjomba akauliza.

Sultani hakujifanya haelewi. Alisema ni presha ya macho, daktari ndivyo alivyoiita. Inakula kutoka pembeni kwenda katikati, polepole, bila maumivu. Alikuwa na dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, lakini kilichokwenda kimekwenda. Dunia kwake ilikuwa imebaki kama kitu unachokichungulia kwenye tundu la ufunguo, na taa za jukwaani zikimpiga usoni hata tundu lenyewe lilijaa ukungu.

"Mama Kikao anajua?"

"Akijua ataniondoa, na atakuwa na haki. Nataka mchezo huu mmoja tu. Huu wa kutafuta nchi. Baada ya hapo nitasema mwenyewe."

"Sitasema," mjomba akajibu. "Lakini itabidi unifuate mimi."

"Debe, bwana hamfuati mtumishi. Watu watacheka."

"Wacha wacheke. Mimi nitapiga kelele, wewe utasikia."

Wiki ile alikuja kwangu na mfuko mkubwa wa turubai, akataka niushonee vifuko ndani, kila kimoja na ukubwa wake, ili vyombo visigongane ovyo. Nilimwuliza ni vyombo gani. Alinionyesha. Alikuwa amevitengeneza mwenyewe karakanani: birika lenye mfuniko unaolia kwa sauti nyembamba, karai linalovuma kama mtu anayeguna, kikombe cha bati, ndoo ndogo. Chini ya viatu vyake alikuwa amepigilia vipande vya bati. Niliamini kwamba ameamua kuongeza vichekesho.

Mama Kikao naye aliamini hivyo, na hakupendezwa. "Debe, unafunika maneno ya mwenzako," alisema kwenye mazoezi. "Punguza hayo masufuria."

"Muache," Sultani akasema. "Mzigo wa safari lazima ulie."

Hapo mimi nilikuwa naona mtu mnene anayechechemea na vyombo vyake, na watu wanacheka. Sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Birika lililia pale tu Sultani alipokaribia ukingo wa jukwaa. Karai lilivuma penye ngazi. Kikombe kiligonga ndoo mara moja bwana alipotakiwa kugeuka, na viatu vya bati vilimtangulia njia nzima, vikimwambia wapi pa kuweka mguu. Mjomba alikuwa amejifunza jukwaa lile kama mtu anavyojua chumba chake cha kulala gizani, akaligeuza sauti, akambebea mwenzake mgongoni. Na juu ya hayo alisema maneno yake yote, akachekesha palipotakiwa kuchekesha, wala hakuna hata mmoja kati yetu aliyeshuku.

Sehemu ya mwisho ya mchezo ilikuwa mlimani. Mlima wenyewe ulikuwa masanduku ya mbao yaliyopangwa na kufunikwa kitambaa cha kijivu nilichokishona mimi. Nyuma kulikuwa na ngazi, juu pamesawazishwa kama upana wa kitanda, na mbele ulishuka wima, urefu kupita mtu mzima. Kwa mujibu wa mchezo bwana hupanda peke yake, huiona nchi yake kwa mbali, husema maneno yake ya mwisho, kisha hugeuka na kushuka kwa ngazi za nyuma. Mtumishi hubaki chini, amechoka, anamngoja. Mjomba alipaswa kusimama penye ngazi na kuligonga birika taratibu, kama mtu anayetayarisha chai, ili Sultani ajue nyuma ni wapi.

Jioni ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kandokando ya kuta. Mambo yalikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Sultani alikuwa na moto siku hiyo. Nilimtazama kutoka pembeni, nyuma ya pazia, nikajisemea kwamba mtu huyu alizaliwa kwa kazi hii. Akapanda mlima. Mjomba akabaki chini, akatua mzigo, akatoa birika.

Ndipo mvua ikaanguka.

Anayeijua mvua ya masika juu ya paa la bati hahitaji kuelezwa. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote kwa pamoja, na ukumbi ukageuka ngoma. Sultani akaongeza sauti, ile sauti yake ya stesheni, na maneno yakapenya. Watazamaji waliinamia mbele kumsikiliza. Lakini chini ya mlima nilimwona mjomba akigonga birika, akagonga tena kwa nguvu, akachukua karai na kulipiga kwa ngumi, na mimi niliyekuwa karibu naye sikusikia chochote. Niliona mkono ukienda na kurudi bila sauti. Niliona pia uso wake, na uso huo haukuwa wa mtu anayeigiza.

Kule juu Sultani alikuwa amegeuka katikati ya maneno yake, na alipomaliza akageuka tena. Nadhani alingoja birika limwambie pa kwenda. Kisha akainua taya, akasema, "Sasa nakwenda," akapiga hatua. Ilikuwa hatua ya mbele, kuelekea kwa watazamaji, na ncha ya kiatu chake ilitokeza nje ya ukingo, hewani. Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mpigo mmoja: stuli, vifuko, viatu vya bati, kila kitu.

Mjomba alikuwa ameshaondoka pale chini. Mtu yule mfupi, aliyekuwa akipumzika mara mbili kupanda ngazi ya paa, aliupanda mlima kama anayesukumwa na upepo. Hakupiga kelele za kumwita mwenzake, maana angemfanya ageuke na kuanguka. Alijitupa kifudifudi juu ya mbao na kumkumbatia miguu, yote miwili, kwa mikono yake yote miwili, akabana.

Katika mchezo mtumishi hapandi mlima. Watazamaji hawakujua hilo. Walichoona ni mtumishi aliyelala miguuni pa bwana wake, hataki kumwachia.

Sultani alisimama tuli. Halafu akauliza, kwa sauti ya bwana wa hadithi, kubwa kupita mvua: "Nani huyu anayenishika?"

"Ni mimi, bwana," mjomba akajibu. Alilazimika kupaza sauti, na sauti yake haikuwa nzuri, ilikuwa ya mtu anayehema. "Mtumishi wako."

"Nilikuambia ningoje chini."

"Nilingoja. Nikachoka." Akavuta pumzi. "Bwana, nchi unayoitafuta haiko upande huo. Iko huku nyuma yetu. Tumeipita."

Hakuna aliyewaandikia maneno hayo. Mama Kikao alikuwa amesimama kando yangu, muswada kifuani, mdomo wazi, na mkono wake umenikamata kiwiko bila yeye kujua.

Mjomba akasimama polepole, hakuachia, mikono ikipanda kutoka miguuni mpaka kiunoni, mpaka kwenye kiwiko, na alipokuwa amesimama wima akamgeuza Sultani kama mtu anavyogeuza kitu chenye thamani asichotaka kikwaruzike. Sultani akatafuta bega lake, akaliona kwa mkono. Kisha akasema: "Basi tangulia."

Wakashuka kwa ngazi za nyuma, mfupi mbele, mrefu nyuma, mkono juu ya bega, mpaka hawakuonekana tena. Pazia lilibaki wazi, maana aliyepaswa kulivuta ni mimi na nilikuwa nimesahau kwamba nina mikono. Watu hawakupiga makofi. Walikaa tu, mvua ikinguruma juu yao. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivua kofia yake, akaishika mapajani. Nimeona ukumbi ule ukicheka, nimeuona ukilia, lakini sijawahi kuuona ukikaa namna hiyo, kama watu walioonyeshwa kitu na hawana hakika kama wanaruhusiwa kukitazama. Makofi yalipokuja, yalikuja kutoka nyuma kwanza, na yalishindana na mvua.

Kwenye chumba cha mavazi nilimkuta mjomba amekaa juu ya kapu la nguo. Ngozi ya goti ilikuwa imechubuka yote, damu imemfika kwenye soksi. Aliniomba chai. Sultani alikuwa amesimama karibu naye, bado amemshika bega, hakuonekana kuwa na mpango wa kuliachia.

Mama Kikao akaingia. "Nataka kujua," alisema, "nani aliwaruhusu kubadilisha mchezo wangu."

Sultani akamwambia. Alisema yote, tangu daktari mpaka birika, bila kujitetea. Mama Kikao alisikiliza mpaka mwisho, akatafuta kiti, akakaa. Niliogopa ataitisha kikao. Badala yake alimgeukia mjomba.

"Ungeanguka naye," akasema. "Umelifikiria hilo?"

"Mimi ni mnene, Mama," mjomba akajibu. "Nilijua nikilala hataniburuta."

Alisema hivyo kama anavyosema bati hili ni zito kuliko lile. Nilimtazama mtu niliyemjua tangu nikiwa mtoto mgongoni, aliyenitengenezea sanduku langu la kwanza la shule, nikaona haya kidogo, kwa namna mtu anavyoona haya mbele ya mgeni mwenye heshima.

Maonyesho yaliyobaki waliyacheza na mwisho ule mpya, Mama Kikao akiwa ameweka ubao wa kuzuia ukingoni. Kisha Sultani akaaga jukwaa, kama alivyoahidi. Stesheni hawakumwachisha kazi. Binti mmoja wa ofisi ya tiketi alimsomea ratiba kila asubuhi, naye akaitangaza siku nzima kutoka kichwani.

Mama Kikao alitaka mjomba awe bwana sasa. Tulimshawishi wote, hata mkewe. Nilimshonea joho refu lenye nakshi, na muuza nyama wa pale kona akapewa mzigo wa kubeba nyuma yake. Mazoezi hayakufika mbali. Kila alipotakiwa kutazama nyota, mjomba aligeuka kumwangalia muuza nyama kama kamba haimkati bega. Alipofika kwenye kiapo cha kufa kwa ajili ya haki, alisimama katikati akamwuliza mwenzake kama amekula. Mwishowe alilivua joho, akalikunja vizuri, akanirudishia.

"Huyu jamaa ana kifua," alisema akimwonyesha muuza nyama. "Mpeni yeye. Mimi nipeni mfuko wangu."

Ikawa hivyo. Muuza nyama akawa mwana wa mfalme, akajitahidi, na nyuma yake mjomba akawa yule yule wa siku zote.

Usiku wa kwanza wa mchezo huo Sultani alikuja kama mtazamaji. Wakati huo hakuona tena ila mwanga na giza. Nilimketisha mstari wa mbele, nikapata nafasi kando yake, maana nilitaka kumsimulia kinachoendelea. Hakunihitaji. Alikaa ameelekeza sikio jukwaani, na kila Debe alipofungua mdomo yeye alicheka kabla ya ukumbi, kicheko cha kutoka tumboni ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Palipokuwa na huzuni alitoa kitambaa chake kilichopigwa pasi, akajifuta macho.

Baadaye mjomba alishuka kuja kumsalimia, jasho likimtiririka, rangi ya uso imemwagika shingoni. Sultani akasimama, akatafuta mkono wake.

"Debe," akasema, "miaka yote ile sikujua kwamba uko hivi."

"Hivi vipi?"

"Sikupata kukuona hata mara moja. Nilikuwa mbele, nimekupa mgongo."

Mjomba alimshika mkono, akamwuliza kama amekuja na mwavuli, na Sultani akasema hapana, amekuja na miguu yake tu. Wakatoka kwa mlango wa pembeni, wakibishana kama mchezo ulikuwa mrefu mno.